Mteja mmoja, meseji mbili

Mzee alishusha begi lake, akakaa kwenye kiti cha wageni karibu na kaunta, akanikabidhi simu yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaelekeza kidole kwenye kioo.

"Soma, mwanangu. Zote mbili."

Meseji ya kwanza ilitoka kwa watu wetu wa mauzo. Ilimwita mteja wetu mpendwa, ikamshukuru kwa kuwa nasi miaka mingi, ikamwarifu kwamba kuna punguzo la bei ya bati kwa wateja wachache na yeye ni mmojawapo. Ya pili ilitoka uhasibuni. Ilimtaja kwa majina yake matatu, kwa herufi kubwa kama yalivyo kwenye cheti cha TIN, ikasema deni lake limepita muda, na asipolipa ndani ya siku saba kampuni itachukua hatua za kisheria.

Zote mbili zimetoka kwetu. Zimeingia asubuhi ileile.

"Sasa niambie," akasema, "mimi kwenu ni nani?"

Alikuwa ametoka Ifakara kwa basi. Ana duka la vifaa vya ujenzi kule, na amekuwa akichukua mzigo kwetu tangu enzi za vitabu vya risiti vya kaboni. Hakuja kugombana. Alikuja kwa sababu alifedheheka: meseji ya pili ilisomwa kwanza na mjukuu wake, kwa sauti, dukani, mbele ya watu waliokuja kununua misumari.

Na lile deni alikuwa amekwisha kulipa.

Mimi ni mhasibu. Kampuni ninayofanyia kazi inauza vifaa vya ujenzi kwa jumla hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya wateja wetu ni wenye maduka wa mikoani wanaochukua mzigo kwa mali kauli, yaani wanachukua leo na kulipa baadaye. Swali la mzee yule limenikalia kwa wiki nyingi. Nimelibeba kwenye vikao, kwenye daladala, na kwenye mazungumzo na wahasibu wenzangu ambao wote walinisikiliza kwa uso wa mtu anayeijua habari hiyo tangu zamani. Naandika kwa sababu naona tunaanza kupata jibu, na jibu lenyewe haliko pale nilipodhani liko.

Pesa ilikuwepo muda wote

Siku ya kulipa mzee hakwenda mwenyewe. Alimtuma kijana wake, kijana akalipa kwa laini yake, pesa ikaingia kwenye Lipa Namba yetu ikiwa na jina la kijana. Keshia akalitafuta jina lile kwenye leja, hakuliona. Akafanya kile ambacho utaratibu unamtaka afanye: akaiweka pesa kwenye akaunti ya muda, ile ya fedha ambazo mwenyewe hajajulikana.

Mhasibu yeyote wa biashara ya jumla anaijua akaunti hiyo. Kila mwezi inavimba, na kila mwaka mkaguzi anaiulizia.

Huku nako, kijana alipomaliza kulipa aliipiga picha meseji ya muamala, akamtumia kwa WhatsApp afisa mauzo wetu wa kanda ile. Afisa akajibu kwa dole gumba. Akafungua programu ya wateja, ile wanayotumia watu wa mauzo, akaandika kwenye maelezo: "Kalipa yote. Apewe kipaumbele bati zikifika." Ndiyo maana mzee aliingia kwenye orodha ya punguzo.

Kwa hiyo programu ya wateja ilijua kwamba mzee amelipa lakini haikuwa na pesa yake. Programu ya hesabu ilikuwa na pesa yake lakini haikujua kwamba amelipa. Watumishi wawili waliokaa vyumba viwili vinavyotazamana walifanya kazi yao sawasawa, na matokeo yake mtu mzima akatishiwa mahakama mbele ya mjukuu wake.

Hapo ndipo palinichoma. Ningemkuta mzembe, ningesema naye na kazi ingeishia hapo.

Kama tungeunganisha siku ileile

Ushauri wa kwanza kila mtu alionipa ulikuwa wa kununua. Nunua mfumo mmoja mkubwa wenye kila kitu ndani, Odoo au ERPNext, wateja na hesabu wakae nyumba moja. Au baki na Tally, programu yako ya hesabu, baki na programu ya mauzo, umlipe fundi aziunganishe. Serikalini wimbo wa miaka hii ni mifumo isomane, na sisi nasi tukaanza kuuimba.

Nikaomba kitu kimoja kabla ya kutoa senti. Nikaomba tumtafute mzee wa Ifakara kwenye programu zote mbili.

Kwenye programu ya mauzo alikuwemo mara tatu. Mara ya kwanza kwa jina la duka. Mara ya pili kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama anavyoitwa mtaani. Mara ya tatu kwa namba ya simu tu, na neno "Ifakara" pembeni. Kwenye hesabu alikuwemo mara mbili: kwa majina ya TIN, na kwa jina la zamani la duka lililokuwa na salio dogo ambalo hakuna aliyethubutu kulifuta.

Mtu mmoja, kumbukumbu tano.

Tungeziunganisha programu zile siku ileile, tungekuwa tumezifundisha kukosea kwa kasi zaidi. Salio la jina la zamani lingeruka kwenda kwa jina la mtoto, vitisho vingetoka mara mbili, na punguzo lingetolewa kwa mtu ambaye leja inasema amefungiwa. Kazi ya fundi ingekuwa nzuri kabisa. Miamala ingepita bila kukwama. Na mzee angekuja tena.

Tangu siku hiyo niliacha kuuliza ni programu gani tununue.

Namba ya nani

Swali la kwanza la kweli ni hili: programu moja ikiuliza "huyu ni nani?", nyingine ijibu kwa kutumia nini?

Jina halifai. Wengi waliojibu haraka walisema simu, maana kila mtu anayo. Lakini sote tunajua laini zetu zinavyoishi. Mtu ana laini mbili tatu za mitandao tofauti, moja anaiacha kwa mke dukani, nyingine inapotea inachukuliwa na mtu mwingine kabisa. Kenya kuna somo kubwa zaidi. Mwaka 2022 Safaricom ilianza kuficha sehemu ya namba ya mlipaji kwenye taarifa za malipo zinazokwenda kwa wafanyabiashara wenye Paybill, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya M-Pesa, kwa ajili ya kulinda faragha. Aliyekuwa amejenga mfumo wake wote juu ya namba ya simu alijikuta hamjui tena anayemlipa. Aliyekuwa amewazoesha wateja kujaza namba ya akaunti kila wanapolipa aliendelea na kazi.

TIN je? Ina tarakimu tisa, haigongani, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya mteja aliyesajiliwa VAT inaihitaji ili naye adai kodi yake. Lakini fundi anayenunua mifuko kumi ya saruji hana TIN ya kutupatia, na tunao wafanyabiashara wenye maduka matatu kwenye miji mitatu chini ya TIN moja, kila duka na msimamizi wake, kila duka na tabia yake ya kulipa. Kwa mamlaka ya kodi hao ni mtu mmoja. Kwa anayepakia mzigo ni watu watatu.

Tukaishia kwenye namba yetu wenyewe. Mteja anapewa namba siku anapoandikishwa, haibadiliki akihama duka, akibadili laini, akisajili kampuni. TIN, simu, majina yote na lakabu zote zinaning'inia kwenye namba hiyo. Na tumeongeza kitu ambacho hakikuwepo kwenye programu hata moja: orodha ya watu wanaoruhusiwa kumlipia. Kijana wa mzee sasa yumo humo kwa jina lake na laini yake.

Kuhusu malipo, mfano tunao nyumbani. Tangu GePG, mfumo wa serikali wa kupokea malipo, uanze mwaka 2017, Mtanzania anapolipa huduma ya serikali hapewi kazi ya kujieleza. Anapewa kumbukumbu namba ya malipo (control number), na yeyote anayeitumia, awe mwenyewe, mwanawe au jirani, pesa inajua imekuja kulipia nini. Nilikuwa nimelipa kwa namba hizo mara nyingi bila kufikiri kwamba ndani yake kuna jibu la akaunti yangu ya muda. Sasa kila ankara yetu inatoka na namba yake, na meseji inayomwendea mteja inaitaja namba hiyo peke yake kwenye mstari, iwe rahisi kunakili.

Si wote wanaoitumia. Wapo wazee wanaotuma pesa kwanza na kupiga simu baadaye, na wataendelea hivyo. Kwa hao kuna mtu anayekaa kila asubuhi na orodha ya miamala isiyo na mwenyewe, akiwapigia maafisa mauzo mmoja mmoja. Sioni aibu kusema sehemu hiyo ya muunganiko wetu ni binadamu mwenye simu.

Tarehe 20

Watu wa mauzo wanatuona sisi wa uhasibu kama watu wasio na moyo. Kwa muda mrefu nililichukulia hilo kama utani wa ofisini. Kikao kimoja kikanionyesha kwamba hawajui kwa nini tunahangaika, na hawajui kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha.

Nikawaandikia ubaoni. Tarehe 28 unauza mzigo wa shilingi 10,000,000 kabla ya kodi, kwa mali kauli ya siku 60. Ankara inatoka, risiti ya EFD inatoka. VAT ya asilimia 18 ni shilingi 1,800,000. Ritani ya mwezi huo na malipo yake vinadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukishatoa kodi tuliyolipa wakati wa kununua, kinachobaki kinatakiwa serikalini tarehe hiyo, mteja awe amelipa au hajalipa. Mteja wako bado ana zaidi ya mwezi mbele yake. Kiwandani nako tulikonunua wanataka pesa yao.

Ukumbi ulinyamaza. Mmoja wao, mtu ambaye amekuwa akiuza kwa miaka mingi kuliko niliyofanya uhasibu, akaniuliza: "Kwa hiyo nikisogeza oda ya tarehe 29 mpaka tarehe mosi, mnapata mwezi mzima wa kupumua?"

Ndiyo, kama mzigo wenyewe nao unatoka tarehe mosi. Na alikuwa na wateja ambao hawajali siku mbili.

Hakuna programu iliyohusika na hilo. Lakini leo anapofungua kumbukumbu ya mteja kwenye simu yake anaona salio, umri wa deni na tarehe ya malipo ya mwisho, vyote vikitoka moja kwa moja kwenye leja, na anajua namba zile zinamaanisha nini kwa kampuni inayomlipa mshahara. Zamani alikuwa anatupigia kuuliza salio, tunamjibu jioni, naye ameshaahidi mzigo asubuhi.

Ahadi haikuwa na mahali pa kuandikwa

Hapa ndipo nilipotumia usiku mwingi zaidi, na hapa ndipo nilipobadili mawazo.

Mpango wa kwanza tuliochorewa na wataalamu ulikuwa na mshale mmoja mnene: salio linatoka kwenye hesabu kwenda kwa mauzo. Mteja akivuka ukomo wa mkopo, au deni likipita siku 60, mfumo unamfungia. Hakuna ankara mpaka alipe. Safi, haipendelei mtu, haichoki. Mimi niliupenda. Mhasibu gani asingeupenda?

Tukaujaribu. Jumamosi moja mchana fuso lilikuwa limeshapakia nusu, nondo ziko chini, makuli wanasubiri kupandisha bati, na mfumo ukakataa kutoa ankara. Mteja wa Mahenge amevuka siku zake. Mwenye idhini ya kumfungulia hapatikani kwenye simu. Mkuu wa mauzo akaja mezani kwangu akiwa amekunja uso, na nilichotarajia ni kelele. Badala yake aliweka mbele yangu daftari lake la mkononi, lile jembamba lenye jalada gumu, akanifungulia ukurasa.

Jina la mteja. Kiasi. Na pembeni: "Mpunga. Mwezi wa saba katikati."

Akageuza ukurasa. Mwingine: "Anajenga shule, analipwa na halmashauri kwa awamu." Mwingine: "Mifuko 40 ilifika imeganda, tumekubaliana akate." Ukurasa baada ya ukurasa.

Bonde la Kilombero linaishi kwa mpunga. Watu wanavuna kuanzia Mei kuelekea Julai, na ni baada ya mavuno ndipo mkulima anaezeka nyumba aliyoinua kuta mwaka jana. Mwenye duka anachukua bati mapema ili ziwepo siku pesa itakapofika. Leja yangu inalihesabu deni hilo kwa siku 30, 60, 90, kana kwamba kila mtu nchini anapokea mshahara mwisho wa mwezi. Daftari la mkuu wa mauzo linalihesabu kwa msimu. Nilirudi kwenye kumbukumbu za miaka ya nyuma za wateja wa kanda ile, na kila mwaka nikaona kitu kilekile: wanachelewa Aprili, Mei, Juni, kisha wanalipa. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwaandika kwenye orodha ya madeni ya mashaka kila robo ya pili ya mwaka.

Ahadi ile ilikuwa ndiyo msingi wa biashara nzima. Mali kauli ni ahadi. Nasi tulikuwa tumenunua programu mbili, tukalipia leseni, tukaajiri fundi wa kuziunganisha, na hakuna hata safu moja, upande wowote, ya kuandika mteja aliahidi nini, kwa nani, na lini.

Tumeiweka. Afisa mauzo anaandika ahadi: kiasi, tarehe, sababu kwa maneno machache. Inavuka kuja kwenye hesabu na kukaa pembeni ya deni. Umri wa deni hatukuugusa, maana vitabu vya hesabu havipaswi kubembelezwa. Lakini uamuzi wa kumfungia mteja, na uamuzi wa kumtumia meseji ya kudai, sasa unasoma ahadi kwanza. Ahadi haijafika tarehe yake, mfumo unakaa kimya. Kuna pesa kwenye akaunti ya muda iliyotoka kwa mtu aliye kwenye orodha ya wanaomlipia, unakaa kimya na kuniamsha mimi. Kuna lalamiko la mzigo halijamalizwa, mtu anapiga simu. Hayo yote yakiwa hayapo, ndipo meseji inatoka, na haitaji tena mahakama.

Wasiwasi ninao. Afisa mwenye lengo la mwezi la kutimiza anaweza kuandika ahadi ambayo hakuna mteja aliyeitoa, ili tu mzigo utoke. Naujua ubinadamu. Kwa hiyo ahadi inabeba jina la aliyeiandika, mteja mwenyewe anatumiwa meseji ya kuithibitisha, na iliyovunjwa haifutiki, inabaki ikisomeka kwenye kumbukumbu ya mteja na kwenye ya afisa. Kamisheni nayo inalipwa pesa ikiingia, si ankara ikitoka. Kwenye kipengele hicho tulivutana sana, na wapo ambao mpaka leo hawajakikubali moyoni. Ninawaelewa. Mtu anayehangaika na barabara za vumbi kutafuta wateja anaona ametimiza kazi yake siku mzigo unapotoka.

Kila taarifa na mwenyewe

Yapo mambo mengine ambayo hayakunisumbua sana, lakini ningejuta kutoyataja kwa anayetaka kuanza.

Risiti itoke sehemu moja tu. Programu ya mauzo inaandaa oda na proforma, yaani ankara ya makadirio. Ankara na risiti ya EFD vinatoka kwenye hesabu, basi. Kuna siku fundi alitaka kuturahisishia ili hata mauzo wachapishe, nikakataa kata kata. Risiti ya kodi ikishatoka haifutiki kwa kubonyeza, na risiti mbili za mzigo mmoja ni kodi mara mbili mpaka utakapoeleza.

Kila safu iwe na mwenyewe. Simu, jina la msimamizi wa duka na anwani ya kushushia mzigo ni mali ya mauzo, na hesabu wanasoma tu. TIN, namba ya VAT na ukomo wa mkopo ni mali ya hesabu, na mauzo wanasoma tu. Kabla ya hapo kila upande ulikuwa unasahihisha kazi ya mwenzake kila usiku programu zinaposawazishana, na asubuhi hakuna aliyejua ipi ndiyo sahihi.

Muamala mmoja uingie mara moja. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, yeyote mwenye mifumo inayotumiana taarifa alijifunza kwamba ujumbe unaweza kukwama, kurudiwa, na kufika mara mbili. Kumbukumbu namba ya muamala ndiyo inayoulinda mlango: ikija mara ya pili inakataliwa. Muulize fundi wako swali hilo kabla hujamlipa.

Na suala la nani aone nini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kabla yake sikuwahi kufikiri kwamba deni la mtu ni siri yake. Programu zilipounganishwa, maafisa mauzo wote waliweza kuona madeni ya wateja wote wa nchi nzima. Tulifunga. Afisa anaona wateja wake. Dereva anaona namba ya oda, mahali pa kushusha na simu, haoni bei. Mwenye duka mmoja wa Morogoro asisikie kutoka kwa dereva wetu kwamba mwenzake wa jirani anadaiwa.

Jambo ambalo halijaamuliwa

Miezi ya karibuni mteja wetu mmoja wa Lindi alifariki. Duka linaendeshwa na mjane wake, ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa akikaa pale kila siku, akipokea mzigo wetu na kuhesabu mifuko, wakati mumewe anazunguka na mambo mengine. Afisa mauzo anamjua. Wapakuaji wanamjua. Anataka mzigo kwa utaratibu uleule wa mumewe.

Kisheria deni la marehemu hulipwa kutoka kwenye mirathi, kupitia kwa msimamizi wake, na TIN ya marehemu hairithiwi. Mama huyu ana TIN yake mpya. Kwa mfumo wetu yeye ni mteja mpya kabisa: namba mpya, historia tupu, ukomo wa mkopo sifuri, alipe taslimu mpaka tumzoee. Wakati huohuo yeye ndiye tunayempigia simu kuulizia deni la mumewe, na tayari amelipunguza kwa hiari, kabla hata msimamizi wa mirathi hajateuliwa.

Deni tunalo la kumuuliza. Uaminifu wa miaka yote ile, uliojengwa kwa mikono yake mwenyewe, hatuna safu ya kuuhamishia.

Mkuu wa mauzo anataka apewe ukomo wa marehemu wote, leo. Meneja wa fedha anasema tukifanya hivyo tutafungua mlango kwa kila ndugu wa kila mteja. Mimi nimeandika pendekezo: kwenye ile orodha ya watu wanaomlipia mteja tuongeze wanaomwendeshea duka, na mtu aliyekaa humo kwa miaka akianza biashara kwa jina lake, historia ya malipo ya duka ihesabiwe kuwa yake, na aanze na nusu ya ukomo wa zamani huku mirathi ikiendelea. Deni la marehemu libaki kwenye namba ya marehemu, na yeye asitumiwe meseji ya kulidai.

Nusu hiyo nimeichagua mimi, na sina hesabu ya kuitetea zaidi ya kwamba sifuri naiona ni dhuluma na yote naiona ni hatari. Kikao cha menejimenti ni Jumatatu. Mama wa Lindi ameomba bati za futi kumi, na nimemwambia afisa asimjibu hapana kabla ya siku hiyo.